Walimlisha Maneno

Mie natengeneza chokoleti. Nikiwaambia watu hivyo hapa mjini, wengi huelewa kwamba nauza chokoleti, yaani nanunua za wengine na kuzipanga dukani. Inabidi nieleze: nanunua kokoa, mbegu yenyewe kama ilivyotoka shambani, naikaanga, naipepeta kwa ungo maganda yatoke, naisaga kwenye mashine ya mawe mpaka iwe uji mzito unaong'aa, ndipo naimimina kwenye kalibu igande. Hapo huniuliza nilisomea nchi gani. Sikusomea nchi yoyote. Nimezaliwa Kiwalani, kwenye nyumba ambayo ndege ikipita mnanyamaza kwanza, ikishapita mnaendelea na mazungumzo pale mlipoishia. Mama yangu aliuza kashata na visheti maisha yake yote. Sukari inavyobadilika kwenye moto niliijua kabla ya kujua kusoma. Mengine niliyatafuta mwenyewe, nikaunguza na kumwaga sana, mpaka yakanikaa mkononi.

Karakana yangu ipo Madale, vyumba viwili nyuma ya nyumba, juu ya kilima. Vumbi la barabara nimelizuia kwa mpira wa madirishani, joto nalizuia kwa kiyoyozi, na umeme ukikatika nawasha jenereta huku nikisema maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia.

Kokoa yangu inatoka Kyela, kule unakoshuka kutoka kwenye baridi ya Tukuyu mpaka unavua sweta. Kila mavuno yakikolea naenda. Sikuanza kwenda kwa mapenzi. Nilianza kwenda kwa sababu gunia moja lilinifikia likiwa na ukungu na harufu ya moshi, nikapanda basi kwenda kugombana. Mwanamke niliyeelekezwa kwake alinisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono ndani ya gunia nililolibeba, akanusa, akaniambia hiyo siyo kokoa yake, wamechanganya njiani. Halafu akanipikia wali na mbasa, samaki wa ziwani kwao, na kabla sijamaliza kula alikuwa ameshanipa hadithi ya ukoo wake mzima. Tangu siku ile tukapanga kwamba mzigo wangu utatoka kwake na kwa majirani zake, kupitia chama chao, na gunia litashonwa nikiwa naliona. Mimi nikamwita dada, yeye akaniita mdogo wangu.

Huyu dada ni mjane. Mumewe alimwachia shamba na nyumba ya matofali mabichi iliyokuwa inaelekea kuanguka. Ile nyumba aliibomoa, akajenga nyingine, polepole, kila msimu na chumba chake. Akikutembeza ndani atakuonyesha: sebule hii ni ya mwaka ule kokoa ilipopanda bei, chumba hiki ni cha mvua nzuri, choo hiki cha ndani nilikimalizia binti yangu alipochaguliwa chuo. Sakafu ina vigae. Friji lipo sebuleni, siyo jikoni, ili mgeni alione. Makochi yamevishwa vitambaa alivyofuma mwenyewe. Sijaona mtu anayeipenda nyumba yake kama yule.

Kila nikienda nambebea chokoleti iliyotokana na kokoa yake ya mwaka uliopita. Anaiweka kwenye friji pamoja na samaki. Nami najua, kwa sababu hajawahi kunificha, kwamba haipendi. Yeye anapenda ile ya maziwa, ya dukani, yenye sukari nyingi. Yangu anaimega kipande, anatafuna, ananitazama kwa huruma, kisha ananiambia, "Mdogo wangu, umeiunguza tena." Haijaungua. Ndiyo ladha yake. Tumebishana juu ya jambo hili kila mwaka, na hakuna aliyewahi kushinda.

Binti yake anasoma chuo kikuu hapa Dar na analala kwenye hosteli za Mabibo. Mwishoni mwa wiki hupanda kwangu Madale, ananiita mamdogo, ananisaidia kuchambua mbegu mbovu, anakula kila kilichopo kwenye sufuria, anafua nguo zake kwa maji yangu, anarudi. Nimemzoea kama mtoto wa tumbo langu.

Sasa nifike kwenye lililonikera, ambalo mpaka leo nikilisimulia sauti inapanda.

Mwanamke mmoja wa Ulaya, mwenye maduka ya vyakula huko kwao, alionja chokoleti yangu kwenye maonyesho fulani, akaipenda. Tuliandikiana miezi mingi. Akasema yuko tayari kuichukua kwa wingi ambao mimi sijawahi kuuota, ila wateja wake wanapenda kujua kitu kinakotoka, kwa hiyo angependa tuende shambani pamoja, tupige video fupi. Sikuona ubaya. Nilifurahi hata. Nikasema moyoni, hatimaye watu wataona kwamba kokoa ina mwenyewe, na mwenyewe ana jina na mlango wa nyumba.

Mpiga video alitafutwa hapa hapa, kijana wa Kinondoni, mchangamfu, kofia imegeuzwa nyuma, anayejulikana mjini kwa kazi za namna hiyo. Njia nzima alituchekesha. Yule mama wa Ulaya naye alikuwa mtu mzuri, nisimsingizie. Alijua salamu tu za Kiswahili, lakini alizitumia kwa kila mtu, hata kwa mlinzi aliyesinzia. Tulilala Iringa, tukalala Mbeya, tukashuka Kyela mchana, jua likiwa kali na mashamba ya mpunga yakinukia.

Dada alikuwa ametusubiri. Alivaa kitenge kipya cha vipande viwili na kilemba chake, viatu vya kisigino kifupi. Alikuwa amepika kuku, wali, samaki na ndizi. Alimtembeza mgeni nyumba nzima, chumba kwa chumba, mimi nikitafsiri, na yule mama akatikisa kichwa kwa heshima na kusifia vitambaa. Siku ile ilikwisha vizuri. Nililala kwenye kile chumba cha mvua nzuri nikiwa na furaha.

Asubuhi tukakutana uani. Dada alikuwa na nguo zake za shamba, gauni safi, kilemba na mabuti ya mpira. Kwenye shamba la kokoa hakuna asiyevaa mabuti. Majani makavu yanalala chini kama godoro, na humo ndani nyoka wanaishi kwa amani zao. Mpiga video akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, akanivuta pembeni.

Aliniambia kwamba nyumba haitafaa. Ni nzuri sana, alisema, inachanganya watazamaji. Jana jioni alikuwa amezunguka, ameona jiko la udongo la jirani, lina moshi, mwanga unaingia vizuri, angependa mama akae pale mlangoni. Na hayo mabuti, kama inawezekana, avue.

Nikamuuliza avue kwa nini.

"Sista, watu wa kule wanapenda kuona mguu unagusa ardhi," alinijibu. "Mie sijaanza leo hii kazi. Najua wanachotaka."

Nilimweleza habari za nyoka. Akasema ni kwa dakika chache tu na yeye ataangalia chini. Nilimweleza habari za nyumba, jinsi ilivyojengwa, kwamba kila tofali lake limetokana na kokoa, na kwamba kama mtu anataka kuonyesha kokoa inafanya nini, basi na aonyeshe ile sebule. Akanisikiliza kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Mwishowe akasema sie Waswahili tatizo letu ni kuona aibu, na biashara haina aibu.

Damu ilinichemka. Nilimwendea yule mama wa Ulaya, nikamwambia kinachoombwa. Uso wake ulibadilika, nilidhani kwa hasira kama yangu. Kumbe alikuwa anatafuta maneno. Alisema yeye hangependa kumlazimisha mtu yeyote, ila angemwamini mtaalamu wa picha, na kama mama mwenyewe hana neno, basi sisi ni nani tumkatalie. Ni hoja nzuri sana ile. Inakuacha bila pa kushika.

Nikamwendea dada. Nilimwambia kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba wanataka avue mabuti na akae kwenye jiko la jirani, waonekane wamemkuta maskini, na kwamba akikataa mimi nipo nyuma yake, na mzigo wote na uende zake.

Akaniambia kwamba hawa ni wageni, wamelala kwake, wamekula kwake, haiwezekani asubuhi wageuke wa kugombezwa. "Miguu si wataiona tu," akasema. "Mguu wangu una nini?" Akakaa kwenye ngazi, akavua buti moja, akavua la pili, akayapanga kwa unadhifu karibu na mlango.

Nilimtandikia kanga yangu pale aliposimama, kijana akaiondoa kwa sababu ilikuwa inaonekana kwenye picha. Nilichukua fimbo, nikapiga majani yote kuzunguka, nikasimama nayo hapo hapo muda wote kama mgambo. Nilikuwa nahema. Dada akapasua tunda la kokoa, akaonyesha mbegu zilivyolala kwenye utelezi wake mweupe. Akapelekwa kwenye jiko la jirani, akawekwa mlangoni. Kijana akamfungua kilemba, akamfunga upya kilegevu, ili zionekane mvi.

Halafu akaniomba chokoleti.

Nikamuuliza ya nini. Akasema sasa ndiyo sehemu yenyewe: nimkabidhi mama chokoleti, aionje kwa mara ya kwanza maishani, aone kokoa yake inakuwa nini. Nikamwambia huyu mama ameila chokoleti yangu tangu ilipokuwa haijawa na karatasi ya kufungia. Friji lake lina chokoleti sasa hivi. Na zamani, kabla hajanijua mimi, alikuwa akinunua Mbeya mjini.

"Watazamaji hawajui hilo, sista," akasema.

Nilikataa kumkabidhi. Nilisema sitaingia kwenye picha hiyo, na sikuingia. Yule mama wa Ulaya akamkabidhi yeye mwenyewe, kwa mikono miwili, akitabasamu. Dada akamega, akatafuna. Kamera ilikuwa karibu kabisa na uso wake. Akanitazama mimi niliyekuwa nimesimama na fimbo yangu upande wa pili, na macho yake yakaanza kucheka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mdogo wangu, na hii nayo umeiunguza."

Nilicheka mpaka fimbo ikaniponyoka. Yeye naye akaangua kicheko, meno yote nje, akajipiga paja. Kijana wa kamera akafurahi sana. Akasema tumemaliza, ni nzuri mno, haihitaji kurudiwa. Na mimi, mjinga, nikaona dada amewaweza. Nikarudi Dar nikiwa na hasira ya mabuti na ya nyumba, lakini nikijiambia kwamba mwishowe alisema lake.

Video ilitoka wakati mimi niko kwenye kusaga. Sikuwa wa kwanza kuiona. Aliyeiona kwanza ni binti yake, kule hosteli. Msichana mwenzake wa chumbani alikuwa akiperuzi simu, akamwambia, njoo uone huyu mama wa Kyela, si ndiko kwenu? Wakajazana kitandani kuitazama. Binti aliniambia baadaye kwamba wenzake walisikitika kwa dhati, mmoja akasema maskini, hata viatu hana, na analima kokoa ya kutengenezea chokoleti. Yeye akakaa katikati yao bila kusema kwamba yule ni mama yake. Kisha akatoka, akapanda bodaboda kuja Madale.

Alifika bado nimevaa aproni. Hakunisalimu. Alinyoosha simu.

Niliitazama nimesimama. Ngoma zinapigwa. Kokoa inaonekana, miguu inaonekana, moshi wa jiko la jirani. Nyumba haipo. Kisha uso wa dada ukajaa kioo kizima, akatafuna, akasema vile vile alivyosema, sauti yake yenyewe, ile ya utani: "Mdogo wangu, na hii nayo umeiunguza." Na chini ya picha, kwa maandishi meupe ya Kiingereza, ikaandikwa kwamba mama anasema: Maisha yangu yote nimelima, na sikujua kwamba jasho langu linaweza kuwa tamu hivi. Asanteni kwa kunionyesha.

Nilirudia kuitazama. Nilidhani nimesoma vibaya. Kile kicheko chetu, kicheko cha watu wawili wanaojuana, kilikuwa sasa kicheko cha mtu aliyepewa zawadi na wenye nacho. Niliketi juu ya gunia.

Binti alisema, "Mamdogo, ulikuwepo?"

Nikamwambia nilikuwepo.

"Ukawaacha?"

Nilimweleza yote, kuanzia mabuti mpaka fimbo. Alinisikiliza bila kunitazama. Hakunitukana, ingawa nilimwona akiyameza matusi. Aliniuliza tu kama mama yake ameshaiona. Hatukujua. Tukampigia.

Alikuwa ameiona. Watoto wa jirani walimletea simu. Nilianza kumwomba radhi kwa ajili ya miguu na jiko, akanikatisha. Alisema miguu ni yake, na jiko kila mtu pale kijijini anajua ni la nani, hilo wamelicheka na limekwisha. Lakini mwalimu mmoja jirani yake alimsomea yale maandishi kwa Kiswahili, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

"Wamenilisha maneno," alisema. "Mimi sijawahi kumshukuru mtu kwa kokoa yangu. Niliipanda mwenyewe. Yatolewe hayo maneno, yawekwe niliyoyasema."

Hakuomba kingine chochote. Niliona ni jambo dogo, la asubuhi moja. Nikampigia kijana wa Kinondoni. Alikiri bila haya kwamba maandishi aliyaandika yeye. Aliniuliza, sasa sista, nani atanunua chokoleti ambayo mkulima mwenyewe anasema imeungua? Ameniokoa, alisema, na badala ya shukrani namletea ishu. Nikamwambia angeweza kuliacha neno lile nje ya video. Akasema kicheko kilikuwa kizuri sana, hakuwa tayari kukipoteza. Hapo nikaelewa kwamba kwake yule mama alikuwa kicheko tu, na maneno yake yalikuwa kama maganda, kitu cha kupepeta na kutupa.

Nikamwandikia yule mama wa Ulaya. Niliamini kwa moyo wote kwamba hakujua, na kweli hakuwa akijua. Alinipigia siku ile ile. Alishtuka, alisikitika, aliniomba msamaha kwa sauti ya kutetemeka. Nikashusha pumzi. Halafu akaanza kueleza. Video imeshatazamwa na watu wengi. Watu wamemwandikia kwamba walilia. Maneno yanaweza kuwa siyo yale hasa, lakini hisia ni za kweli, kwa sababu furaha ile usoni si ilikuwa ya kweli? Nikamwambia furaha ile ilikuwa ya kunicheka mimi. Akasema ataona la kufanya.

Alilolifanya nililiona baada ya siku chache. Maandishi yaliondolewa, hilo ni kweli. Na sauti ya dada nayo ikaondolewa. Ngoma zikapandishwa juu, na sasa mdomo wake unafunguka na kufumba, anacheka, anajipiga paja, na hasikiki. Waliambiwa wamrudishie maneno yake, wakaona heri asiwe na maneno kabisa.

Sijawahi kukasirika vile. Nimeshakatiwa umeme na mashine imejaa, nimeshaibiwa magunia hapo Tegeta na dereva niliyemwamini, nimeshadharauliwa na meneja wa hoteli aliyeniuliza kama naosha mikono. Hayo yote yana mwisho, unalala na kuamka. Hili niliamka nalo. Nilimwandikia kwamba mzigo hauji. Alijibu kwa masikitiko kwamba nitawaumiza wakulima kwa ajili ya mstari mmoja wa maandishi. Sikumjibu. Nilikuwa na majibu mengi mno na yote yalikuwa ya Kiwalani.

Kuna watu waliniona sina akili. Shemeji yangu, mhasibu, alikuja Madale Jumapili nzima kunieleza kwamba kiburi hakilipi karo. Mpiga video aliwaambia watu mjini kwamba nimemwaga ugali wa wengi. Hata mama yangu, niliyedhani ataniunga mkono, aliuliza kwanza chokoleti yote ile sasa itakwenda wapi. Nilipomweleza kwa utaratibu kilichoandikwa na dada alichosema, akaacha kukuna nazi. Aliuliza, "Yaani mtu ameonja kitu akasema hakifai, wakasema ameshukuru?" Nikasema ndiyo. Akasema basi hao hata ukifa watakusingizia wosia. Akaendelea na nazi yake.

Chokoleti ilikwenda polepole. Niliiuza kwenye maduka madogo, kwenye harusi, kwa wanafunzi wa Mabibo ambao binti aliwaambia hatimaye yule mama ni nani. Hilo alilifanya mwenyewe, sikumwomba. Aliwakusanya wale wenzake wa chumbani akawaonyesha picha za kwao: sebule, friji, mama yake na kilemba cha sikukuu. Mmoja hakuamini. Alisema nyumba ile lazima ni ya mtu mwingine. Binti alipokuja kunisimulia alikuwa anacheka, lakini cheko la pembeni, lisilofika machoni.

Tulijaribu pia kujibu. Likizo alipokwenda nyumbani alimrekodi mama yake kwa simu, sebuleni, akampa nafasi aseme anachotaka. Dada aliongea kwa muda mrefu sana. Alisema kuhusu barabara, kuhusu pikipiki zinazowatisha mbuzi, kuhusu maghala na foleni ya kupima mizigo, kuhusu shemeji yake ambaye haendi kanisani. Kwenye chokoleti alifika mwishoni kabisa, akasema mdogo wake wa Dar ni mchapakazi ila ana moto mkali. Binti akaiweka hewani bila kukata hata neno. Waliitazama jamaa zetu na watu wa kijiji. Ile nyingine, ya bubu, bado inazunguka duniani. Mara kwa mara mteja mpya huniambia ameiona na imemgusa. Namweleza. Wengine hunielewa, wengine huona nawaharibia kitu kizuri.

Binti alipohitimu, mama yake alikuja Dar. Alikaa kwangu Madale, akalalamikia vumbi, akalalamikia maji, akalipanga upya jiko langu. Siku moja asubuhi, yuko uani na gauni la kushindia, ananichambulia kokoa kwenye ungo, akaja mteja, mwanamume mstaarabu wa Mbezi aliyezoea kununua zawadi za ofisini. Alipoambiwa huyu ndiye mwenye shamba, alifurahi, akampa shikamoo, akatoa simu. Aliomba ampige picha hapo hapo, na ungo wake, alivyo.

Nikafungua mdomo, lakini dada alikuwa ameshainuka na kujipangusa.

"Ngoja nivae," akasema.

Aliingia ndani. Tulisikia maji yakimwagika bafuni. Mteja akatazama saa yake, nikamwekea kiti na chai. Tulikaa pale kwa muda wa kutosha chai kwisha na kuongezwa, na kila alipokohoa kwa dalili ya kuaga nilimwambia anakuja sasa hivi. Nilikuwa tayari kumkalisha mpaka adhuhuri.

Dada akatoka na ile suti ya kitenge aliyovaa kwenye mahafali, kilemba kimekaa, hereni sikioni. Hakwenda kwenye ungo. Alizunguka mpaka mbele ya nyumba, akachagua ukuta uliopakwa rangi karibuni, akasimama wima, mkono mmoja umeshika mkoba. Mteja akainua simu, akaishusha, akamwomba kwa adabu kwamba acheke kidogo.

Dada alimtazama.

"Nicheke nini?" akauliza, na akabaki vile vile mpaka picha ikapigwa.